Wasiuharakishe Moyo wa Kulwa

Mwanza, Jumapili

Kulwa,

Najua utasema nimechelewa kuandika. Nilijaribu mapema, mwezi ule ule tuliokuzika, nikaishia kwenye jina lako. Nikajaribu tena Pasaka, nikajaza ukurasa mzima wa kukugombeza kwa kuvuka barabara ile, kisha nikauchana. Leo sina zamu. Nimekaa hapa kwangu Bugarika, jirani anakaanga dagaa na harufu imejaa mpaka chumbani, na nimegundua kwamba habari nilizonazo ni nyingi kuliko hasira. Hasira bado zipo, usijidanganye. Lakini habari ni nzuri, tena zinakuhusu wewe, na wewe siku zote ulipenda kusikia habari zinazokuhusu.

Daraja lenu la Kigongo linapitika. Uliondoka kabla magari hayajaruhusiwa, kwa hiyo hukuona jinsi watu walivyochanganyikiwa siku za mwanzo, kila mtu ana simu mkononi anapiga picha maji. Foleni ya pantoni imebaki hadithi. Wale akina mama waliokuwa wakituuzia mahindi ya kuchoma pale Kigongo wamehamia stendi, na wanalalamika kwamba siku hizi abiria hawana muda wa kula. Mimi natoka Mwanza asubuhi, nakunywa chai kwa Mama kule Sengerema, na mchana nimerudi kazini. Kila nikipita natafuta ile nguzo uliyodai ni yako. Zote zinafanana, Kulwa. Nimechagua moja nikasema ni hiyo.

Sasa nikusimulie yale ambayo hukuyaona, na nitaanzia mwanzo kwa sababu ulikuwa hupendi habari ya kurukaruka.

Mkandarasi aliyewachukua ninyi mafundi nondo wa daraja aliwapeleka Cape Town kujenga ghorofa. Mama alikuwa bado anahesabu miezi ya wewe kurudi. Jumamosi moja ulitoka kununua mkate na gari likakugonga unavuka. Kichwa ndicho kilichoumia. Sehemu nyingine yote ya mwili ilikuwa nzima kama ulivyotuaga. Kampuni ilinikatia tiketi mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa na pasipoti, ile niliyoipata nilipokwenda India kusomea kazi yangu.

Kazi yangu ulikuwa ukiitangaza kuliko mimi mwenyewe. Uliwaambia wenzako saiti kwamba pacha wako anakaa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, wakati madaktari wameusimamisha moyo wa mgonjwa ili wapate kuushona. Kila nilipokuja nyumbani hukunipa hata nafasi ya kuvua viatu. "Doto, leo umezima mioyo mingapi?" Nami nakujibu kwamba kuzima hakuna kazi, kazi ni kuwasha.

Unakumbuka siku uliponibana nikueleze kwa nini? Tulikuwa tumekaa uani kwa Mama unamenya mihogo vibaya. Nikakwambia kwamba moyo ukikaa bila damu unaumia, hiyo kila mtu anaielewa. Lisiloeleweka haraka ni kwamba unaweza kuumia zaidi pale damu inaporudi. Chembe hai zake zimekaa na njaa na zimejaa takataka za kufanya kazi bila hewa. Ghafla damu ya moto yenye oksijeni inaingia kwa nguvu, na badala ya kushiba zinavimba na kuungua. Moyo unakakamaa, au unatetemeka ovyo bila kusukuma chochote. Ulikuwa mzima tulipoupoza kwa barafu, unafia mikononi mwa watu walioukusudia mema.

Ukaacha muhogo, ukafikiri. "Kumbe ni friji la Mama."

Ndiyo, lile friji lake la kuuzia barafu na samaki. Umeme ulikatika, friji likatulia zake bila shida. Umeme uliporudi kwa kishindo ndipo likaungua, na sato wote wakatupwa. Tangu siku hiyo Mama anachomoa waya taa zikizimika, na hachomeki tena mpaka aone taa zimetulia. Mfano huo nimeuiba, nauingiza darasani kila mwaka. Sijawaambia wanafunzi ni wa nani. Ungevimba kichwa.

Nilipofika Cape Town ulikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Kifua kinapanda na kushuka, mikono ina joto. Angekuwa mtu mwingine ningeelewa mara moja, lakini kwako nilikataa kuelewa. Nilikuita. Nilikufinya sikio kama ulivyokuwa ukinifinya kanisani nikisinzia. Madaktari wawili walikupima, kila mmoja kwa wakati wake, kisha wakaniita na kuniambia kwamba ubongo wote umekufa, na kwamba moyo unaendelea kwa sababu tu mashine inaupa hewa. Nilikuwa nimeshajua tangu mlangoni. Nililia mpaka nikaona aibu mbele ya wageni, halafu nikalia tena bila aibu.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ni kuongea na ndugu wa watu waliofikia pale ulipofikia. Akaniuliza kwa upole kama familia ingekubali moyo wako apewe mgonjwa ambaye wa kwake umeshindwa kabisa. Nilimfokea. Mimi ninayeishi kwa kushughulika na mioyo ya watu nilimwambia kwamba huyu ni kaka yangu, si bohari la vipuri. Hakukasirika. Aliniletea maji, akakaa kando yangu.

Kilichonigeuza ni wewe. Nilipokuwa nimekaa pale nikikutazama, nilikukumbuka ule mwaka tulipokuwa tunakosa damu ya wagonjwa wa upasuaji. Nilikutajia tu kwenye simu, nikilalamika kama kawaida yangu. Kesho yake ukatokea hospitalini na wenzako wa saiti, kofia ngumu bado kichwani, matope ya Kigongo mpaka magotini, na muuguzi akadhani kumetokea ajali. Wenzako wakamwambia, "Tumeletwa na Kulwa, tumekuja kutoa damu." Ulitoa wa kwanza. Kundi lako O, ukajisifu kutwa nzima kwamba damu yako haichagui mtu. Hukuuliza inakwenda kwa nani. Hata baadaye hukuuliza.

Nikampigia Mama.

Mama hakuwa peke yake. Baba Mkubwa alishafika nyumbani, na unajua mambo yetu, tangu Baba afariki hakuna maziko wala mahari inayoamuliwa bila kaka yake. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, nikamweleza. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kikao, "Mtoto wa watu anarudi kwao mzima. Tukimfungua watu wakaona mshono kifuani, watasema tumemuuza." Alisema kweli. Watu wangesema. Wewe mwenyewe umesikia jinsi kijijini kwetu maneno yanavyokimbia mtu akifia mbali.

Mama akachukua simu. Akatoka nje, nikasikia kuku. Akaniuliza, "Mwanangu amekufa, Doto? Sema wewe, usiniambie maneno ya madaktari." Nikamwambia amekufa, Mama. Akapumua. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Na huo moyo, huko unakokwenda, utapiga?"

Sikumdanganya, Kulwa. Ningeweza kusema ndiyo na mambo yangekuwa mepesi. Nilimwambia kwamba mara nyingi unapiga, na mara nyingine haupigi. Akataka kujua unaharibikia wapi, wakati wa kutolewa au njiani. Nikamwambia hapana, kutoka kwake na safari yake wanavimudu vizuri, wataulaza kwa dawa na kuuweka kwenye baridi. Hatari kubwa iko mwisho, Mama, pale damu ya yule mtu mwingine itakapoingia. Nikamkumbusha friji, nikamwambia mfano ni wa Kulwa mwenyewe. Nikasikia anacheka na kulia kwa pamoja, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Akasema, "Damu yake alikuwa anaitoa hata bila kuombwa. Waambie wachukue. Lakini waambie na hili, mwanangu wasimharakishe. Umeme wauache utulie kwanza."

Baba Mkubwa hakukubali na hakukataza. Alisema tu kwamba msibani jambo hilo lisitajwe. Nami nilipokata simu ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mama ametoa ruhusa kwa neno langu. Ukiharibika kifuani mwa yule mtu, nitakuwa nimemfanya Mama akubali mwanawe apasuliwe bure, na nitarudi Sengerema na jeneza lenye mshono na mikono mitupu.

Nilimtafuta yule mama wa makamo nikamwomba radhi, kisha nikampa maneno ya Mama kama yalivyo. Nilidhani atayachukulia kama maneno ya mzazi aliyechanganyikiwa. Akaniomba niyarudie polepole, akaondoka nayo.

Asubuhi walikuja kukuchukua. Wafanyakazi walisimama kwenye korido pande zote mbili kukupa heshima, hata wafagizi, na kitanda chako kikapita katikati. Niliweka mkono kifuani mwako mpaka mlangoni. Ulikuwa unapiga kwa nguvu, bila wasiwasi, kama mtu asiyejua kwamba anahama. Nikakwambia kwa Kisukuma nenda salama, ng'wanone, yaani mwanangu, kama anavyotuita Mama, maana maneno yangu mwenyewe yaliniishia.

Halafu nikakaa kwenye benchi la bustani nikaanza kuendesha mashine kichwani. Hiyo ndiyo shida ya kujua. Ndugu mwingine angekaa akasali asubuhi nzima. Mimi nilisali na kufanya kazi. Nikasema sasa wamekuzima kwa dawa ya baridi. Sasa uko kwenye sanduku. Sasa wanakushona, mshipa baada ya mshipa, na kila mara wanakumwagia baridi usipate joto kabla ya wakati. Sasa wanatoa hewa, maana povu dogo tu likipanda kwenye ubongo wa yule mgonjwa ni msiba mwingine. Sasa mwenzangu wa mashine anatayarisha ile damu ya vuguvugu yenye dawa, anaichuja chembe nyeupe zile zenye fujo, anaileta kwa shinikizo dogo, dogo, dogo. Nilijikuta nazungusha kidole hewani kama nimeshika kitufe cha kupunguza mwendo wa mashine. Mlinzi mmoja alinitazama kwa huruma.

Na hapo kwenye kurudisha damu, mawazo yangu yaligoma kusonga. Sikuweza kukiona kile kibano kinachozuia damu kinafunguliwa. Nilijaribu mara kadhaa, kila mara narudi kwenye baridi, kwa sababu kwenye baridi ulikuwa bado hujaharibika.

Mchana aliyekuja si yule mama wa makamo. Alikuja dada mmoja mfupi, kofia ya chumba cha upasuaji bado kichwani, alama ya barakoa puani. Nilimjua kabla hajajitambulisha. Watu wa mashine tunatembea namna moja, mgongo umekakamaa kwa kukaa. Akakaa kwenye benchi, akanishika mkono, akaniambia, "Unapiga."

Nilitaka neno hilo tu, lakini alijua mimi ni nani, akanisimulia yote kama fundi anavyomsimulia fundi. Alisema kabla ya kibano kufunguliwa, daktari mkuu alisimamisha kazi akawaambia wote waliokuwemo, "Mama yake amesema tusimharakishe." Yeye dada akaleta damu taratibu, akapandisha joto taratibu, akiangalia shinikizo tu. Ulikaa kimya, umelegea. Ukatetemeka kidogo, mmoja akainua vile vyuma vya kupigia shoti, daktari akamwashiria avishushe. Kisha ukapiga. Peke yako, bila shoti. Pigo moja, ukapumzika kama unafikiria, halafu la pili, halafu ukaendelea. Hata hapo hawakukupa mzigo. Walikuacha upige mtupu, mashine ikibeba kazi yote, mpaka rangi yako ikawa nzuri na misuli imetulia. Daktari mmoja kijana aliuliza kama sasa waondoe mashine, na yule dada akamjibu, "Bado. Namsikiliza mama wa Tanzania."

Kulwa, nilijivuna. Sijui kama inafaa kusema hivyo, pacha wangu akiwa amelala chumba cha maiti hatua chache kutoka pale. Lakini nilijivuna mpaka nikasimama. Nilijivunia wewe, na Mama, na kazi yangu pia, siku hiyo hiyo niliyokuwa nimeichukia.

Tulikuleta nyumbani. Ndege ilitua Mwanza, tukachukua gari la kubebea jeneza, tukapita Usagara mpaka Kigongo. Ulituambia ukirudi utalivuka daraja umekaa siti ya mbele. Mdogo wetu Shija alikuwa amekaa siti hiyo, na tulipoanza kulipanda, mkimya yule akamwambia dereva apunguze mwendo. Dereva akajibu kuna magari nyuma. Shija akamwambia, "Aliyejenga ndiye huyu. Wasubiri." Walisubiri. Hakuna aliyepiga honi. Mimi nilikuwa nyuma na wewe, mkono juu ya mbao, nikikuonyesha ziwa upande wa kushoto na upande wa kulia, na sikuona haya kwamba hakuna wa kunijibu.

Siku ya maziko nilipewa kazi ya kusoma wasifu. Baba Mkubwa aliupitia kwanza, miwani imeshuka puani, na hakukuwa na chochote humo cha kumwudhi. Kuzaliwa, shule, ubatizo, kazi, ajali. Nilisoma vizuri mpaka pale mwisho pa kila wasifu, "Marehemu ameacha." Unajua watu wetu wanavyotega masikio hapo. Ameacha mama, ameacha pacha wake, ameacha mdogo wake. Basi. Mtu mzima wa kimo chako, fundi, na hakuna mjane wala mtoto wa kutaja. Nikasikia mguno umepita kwenye maturubai, ule wa kukuhurumia, kwamba huyu amekwenda jumla. Ukaniuma kuliko kilio chote. Kile ambacho ningekisema nilikatazwa kukisema. Nikaikunja karatasi.

Mama akainuka.

Hakuja mbele. Alisimama pale pale kwenye mkeka na kitenge chake kimelegea, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia, "Moyo wake haumo humu. Nimeutoa mimi. Sikuuza, nimetoa, na asiyeamini anifuate nyumbani aone kama nimeongeza hata sufuria. Mwanangu hakuacha mtoto, lakini huko alikofia kuna watoto ambao mama yao amepona."

Maana hilo ndilo pekee tuliloambiwa kuhusu yule mgonjwa, kwamba ni mama mwenye watoto wadogo.

Nilimtazama Baba Mkubwa nikingoja tufukuzwe. Alisimama taratibu, akaegemea fimbo, akaniuliza mimi mbele ya watu wote, "Doto, huko ulipo unapiga sawasawa?" Nikamjibu, "Unapiga, Baba Mkubwa. Jana wamenipigia simu, yule mama amekaa kitandani amekunywa uji." Akavua kofia. Akawageukia wanaume wa makaburini akasema, "Haya. Tumzike mtoto wetu, amefanya kazi kubwa." Na bibi mmoja wa upande wa Mama, yule asiye na meno, akaanzisha wimbo wa mabasa, ule wanaotuimbia mapacha tangu tukiwa na unyevu wa kuzaliwa. Wenzake wakaupokea. Tulikuzika kwa wimbo, na mimi nikiimba kwa sauti yangu mbovu uliyokuwa ukiicheka.

Maneno hayakukosekana, sikufichi. Kuna waliosema tumepewa gari, wanangoja mpaka leo kuliona. Mama anawajibu mwenyewe, tena kwa ukali. Majirani walianza kusitasita kumwita Mama Kulwa, wakadhani jina linamchoma, wakajaribu Mama Shija. Akawaambia jina lake halijabadilika. Kwa hiyo bado ni Mama Kulwa, na kwenye friji jipya alilonunuliwa na Shija pameandikwa hivyo kwa rangi nyekundu.

Kazini nilirudi nikiwa mtu mwingine kidogo. Zamani daktari akisema tuendelee, nilikuwa naendelea hata kama moyo wangu mimi unasita. Sasa nasema bado. Mwezi uliopita tulikuwa na binti wa Ukerewe, valvu ya moyo wake imeliwa na ugonjwa tangu utotoni, na moyo wake ulikaa bila damu muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kibano kilipofunguliwa ukalala tu. Daktari mgeni aliyekuwa nasi akaanza kusogeza miguu, unajua watu wa haraka walivyo. Nikamwambia bado, tuuache upumzike mtupu. Akaniuliza hii ni kanuni ya wapi. Kabla sijafungua mdomo mwanafunzi wangu mmoja akamjibu kwamba hizo ni dakika za Mama Kulwa. Ndivyo wanavyoziita, Kulwa, na wengine hawajui hata Mama Kulwa ni nani, wanadhani ni profesa. Tulisubiri. Yule binti alikwenda nyumbani kwa miguu yake, na baba yake alituletea machungwa gunia zima.

Hapa kwetu bado hatuhamishi moyo kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Ipo siku. Vijana ninaowafundisha wanaifahamu njia nzima, nawapitisha hatua kwa hatua mpaka wananichoka, na tukifika pale pa kurudisha damu sauti yangu hubadilika, wao hufikiri ni mafua.

Nikienda Sengerema Mama haulizi habari za Mwanza kwanza. Anauliza, "Unapiga?" Yule mama wa makamo hunipigia mara moja moja, hataji jina la mgonjwa wala mji anakokaa, haruhusiwi, anasema tu hali ni nzuri. Mara ya mwisho alisema yule aliyepewa moyo ameanza kuwasindikiza watoto shuleni kwa miguu, na mdogo wao anapenda kumlalia kifuani. Nilipomwambia Mama alikaa chini. Wewe uliyekuwa unakimbilia uani kila Baba Mkubwa akitaja ndoa, sasa kuna mtoto anakulalia.

Najua kazi yangu, kwa hiyo najua pia kwamba moyo wa kupewa haudumu milele. Siku moja simu italia na sauti ya yule mama wa makamo itakuwa nyingine. Nakuahidi siku hiyo sitamficha Mama. Nitavuka asubuhi ile ile, nitakaa naye mkekani, nitamwambia umesimama. Nitamwambia pia kwamba umesimama kwa sababu umefanya kazi yako yote mpaka ukachoka, na kwamba hakuna mtu aliyeuharakisha. Na mpaka siku hiyo ifike, kila moyo utakaopita mikononi mwangu nitausubiri kama walivyokusubiri wewe.

Wiki iliyopita ilikuwa siku yetu ya kuzaliwa. Niliogopa sana kuamka, nilijua nitaanza kukuacha nyuma, kila mwaka nikiongeza wangu na wewe umebaki pale pale. Nilikwenda kwa Mama nikamwambia hivyo, nikalia mezani kwake kama mtoto. Akaninyamazisha. Akaniuliza kwani huo moyo ulizaliwa lini.

Ulizaliwa siku moja na wangu, Kulwa. Mioyo yote miwili imetimiza miaka thelathini na miwili, na inazeeka pamoja.

Kwaheri, kaka yangu. Piga polepole.

Doto